Sauti ya Goma Yafika Katuba

Kampuni yetu haikuwa na ofisi. Shefu, mkuu wetu, alikaa kwake mtaa wa Makomeno hapa Lubumbashi, mwenzangu alikuwa Goma, nami nilikuwa chumbani kwangu mtaa wa Katuba, mtoto akinyonya huku nikiongea na dereva aliyekwama mpakani. Kazi yetu ilikuwa kufuata malori ya wafanyabiashara kwa simu na kompyuta, kutoka bandarini mpaka Lubumbashi na Goma.

Nilipoajiriwa nilikiri kwamba kwetu umeme hukatika siku nzima. Wiki hiyohiyo fundi akabisha hodi na paneli ya sola.

“Kampuni gani hii?” mama yangu aliuliza. “Haina hata mulango, na inakuletea jua!”

Aliyenifundisha kazi ni yule mwenzangu wa Goma. Miaka mitatu sikuwahi kuona uso wake, maana mtandao wake haukubeba picha. Nilijua kicheko chake tu, na jogoo wa jirani yake. Madereva walimwita Sauti.

Kisha vita vikaingia mjini kwao. Jumatatu asubuhi hakupokea simu. Shefu akatuita sote kwenye simu.

“Leo hatuna kazi ingine,” alisema. “Tumutafute.”

Siku ya nne ujumbe ulitoka upande wa pili wa mpaka, Rwanda, kwenye ukumbi wa kanisa: “Niko muzima. Kompyuta nimeiacha. Munisamehe.”

Shefu alicheka. “Mwambie kompyuta zimejaa madukani. Ana ndugu wa kumupokea?”

Hakuwa naye. Nikasema kabla sijafikiri, “Akuye akae kwangu.”

“Basi tumulete,” shefu alijibu.

Niliweka ramani mezani nikatafuta malori yetu yaliyokuwa njiani: moja la kumtoa Kigali na kumfikisha Tanzania, jingine la kuvuka naye Zambia. Madereva walinong'oneana habari, na punde simu yangu haikunyamaza. Kila mmoja alitaka kumbeba. Mmoja alinikaripia kabisa: “Mbona umempa yule? Mimi amenisaidia mara ngapi huyo mama!”

Siku nane nilimfuata Sauti kama mzigo wa dhahabu. “Nimempokea,” waliniandikia. “Amekula samaki.” “Amelala hotelini, usiwe na wasiwasi.” Huko Zambia lori liliharibika, dereva akaazima kiti kwenye nyumba ya jirani ili Sauti asikae chini. Kila ujumbe ulipoingia nilimsomea mama, naye aliacha kusonga bukari, ugali wetu, asikilize.

Siku ya kumpokea, mimi na shefu tulikwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nilisahau jambo moja: sikumjua kwa sura. Kwa ukubwa wa ile sauti nilikuwa namtafuta mwanamke mrefu, mnene. Akashuka mama mfupi, mwenye mvi, amekumbatia begi moja.

“Yaya?” niliita, yaani dada mkubwa, kama nilivyomwita siku zote kwenye simu.

Alinikazia macho. “Sema tena.”

“Yaya, ni mimi.”

“Njo wewe kweli!” alipiga kelele, na kile kicheko kikatoka, kile kile. Tulishikana katikati ya malori hata maofisa wa forodha wakageuka kutazama. Shefu alisimama kando akifuta miwani yake, akiifuta tena.

Shefu alimwambia apumzike mwezi mzima, mshahara utakuja kama kawaida. Alilala siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta ameketi mezani, amevaa kitenge cha mama yangu, kompyuta mpya imefunguliwa.

“Yaya, shefu alisema upumzike.”

“Nikipumzika naanza kuwaza nyumba yangu,” alisema. “Nipe dereva mmoja.”

Nilimpa yule aliyenikaripia. Aliposikia “Baba, uko wapi sasa?” alibonyeza honi ya lori, ndefu, isiyokwisha, ikajaa chumba kizima. Mwanangu alishtuka, kisha akaanza kupiga makofi, na mama akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini.