Kinyozi wa Kiwanja cha Ndege

Mvua ilinikwamisha siku tisa kwenye kiwanja kidogo cha ndege, na mtu pekee niliyemwona akiwa na kazi ya kila siku ni dereva wa trekta la kukata nyasi. Wenzake walimwita Kinyozi. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo alikula chakula cha mchana peke yake juu ya trekta. Kwenye chumba cha wafanyakazi, alisema, kila mtu humwuliza kama amelala vizuri.

Kampani yake ilikuwa vipozamataza, ndege wadogo wa nyasini. Kipozamataza si ndege wa kuvutia macho. Rangi yake ni ya udongo mkavu, kifuani ana michirizi kama mtu aliyejifutia kalamu, na kishungi chake husimama akishtuka. Weupe wa pembeni mwa mkia huonekana akiruka tu. Harukiruki kama shomoro. Hutembea, mguu baada ya mguu, kama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake. Asubuhi dume hupanda juu akiimba mpaka anakuwa nukta, kisha hunyamaza na kudondoka kama jiwe. Jike hutaga chini, kwenye kishimo kilichotandikwa majani makavu, na hapo ndipo trekta linapokuwa mauti.

Kwa hiyo kila alipokuta kiota, Kinyozi alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili akizunguke. Mwaka huo alichomeka sita. Viota vitano vikabaki vitupu, makinda hawapo. Alimshuku nyoka, hadi siku alipomkuta kunguru ametua juu ya kijiti, akiinamisha shingo huku na huku.

“Mimi ndiye niliyemwelekeza,” aliniambia. “Nimeweka kibao mlangoni.”

Kiota cha sita kilikuwa na makinda watatu, wakihitaji siku tano hivi kabla ya kuruka. Aling'oa kijiti, akahesabu hatua arobaini na mbili kutoka taa ya tatu ya njia ya kurukia, kisha akahamishia chakula chake hapo, awe mlinzi. Mama yao akatua mbali, panzi mdomoni. Akaenda, akarudi, lakini hakukisogelea kiota. Mwisho akaburuta bawa moja, akijifanya amevunjika ili Kinyozi amfuate. Mzee akafunga chombo chake cha chakula, akahamia mwisho wa kiwanja, akala akiwa amewapa mgongo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kukata nyasi, kwa sababu wakaguzi walikuwa njiani. Akiacha kichaka kimoja tu cha nyasi, pale penye kiota, kunguru atakiona. Akaacha kumi na viwili, ovyo ovyo, uwanja mzima.

Msimamizi alikuja akitembea taratibu. “Mzee, umenyoa au umeng'ata?”

“Mkono unatetemeka, bosi. Uzee.”

“Jumatatu umalize. Halafu tuongee kuhusu huo mkono.”

Miaka ishirini na saba kazini hakuna aliyewahi kumsikia Kinyozi akikiri uzee. Alijua neno hilo halitarudi mdomoni.

Jumapili binti yake alipiga simu, kama kila Jumapili, kumsihi ahamie kwake, ghorofa ya nne. Alimjibu kwamba wiki hii haiwezekani, ana wageni.

“Wageni gani tena, baba?”

“Watatu na mama yao.”

Binti alicheka, kisha akauliza kama anakula.

Jumatatu nilimfuata. Alihesabu hatua, akapiga nyasi taratibu kwa kofia. Kitu cha kahawia kikaruka, kikatua mita kumi mbele. Kingine. Cha tatu kilikimbia kwa miguu kwanza, ndipo kikakumbuka mabawa. Kiota kilikuwa kitupu, kizima.

Akakata vichaka vyote, hicho kikiwa cha mwisho. Adhuhuri aliegesha trekta hatua ya arobaini na mbili, akafungua chakula chake. Sasa hapakuwa na wa kumkimbia.