Mkono Ulioshika Mundu

Kwa miaka ishirini na sita Chapa amekuwa akikichonga kijiji chake kwenye mbao, na kwa miaka ishirini na sita kijiji kizima kimekuwa na mashoto. Anachokichonga kulia, akishakipaka wino, akalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, hutokea kushoto. Wenzake hugeuza mchoro kwanza. Yeye huchonga alichokiona. Karatasi ikiwa na maoni yake, shauri yake. Wanunuzi wa mjini hawajawahi kulalamika. Msomi mmoja alimpongeza kwa kuonyesha ulimwengu uliopinduka. Chapa alishukuru, akamuuzia picha mbili.

Mwaka mmoja baada ya kumzika mama yao, dada yake mshonaji aliomba picha ya kutundika juu ya cherehani: mama akikata majani ya ng'ombe. Picha pekee ya mama iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, kichwa na mabega, uso wa mtu anayesubiri kuitwa.

Chapa alichukua ubao wa kichwani wa kitanda cha marehemu, akauchonga siku kumi na moja, kisha akatoa picha yake kwenye karatasi. Makunyanzi yalikaa mahali pake, hata lile la dharau. Dada akaja, akapita chini ya kamba ya karatasi zilizobanwa zikauke, akasimama mbele ya kazi. Akauliza huyo ni nani.

"Ni mama, nani mwingine?"

"Mama gani wa mkono wa kulia?"

Hapo Chapa akakaa. Katika kijiji kile mtu mmoja tu alikuwa na mashoto kwelikweli, naye ndiye aliyemzaa.

"Kaka, mwalimu alimfunga ule mkono mihula miwili, akashindwa," dada alisema. "Wewe umeweza kwa kijiko."

Chapa alijaribu kumweleza mambo ya sanaa. Dada akamwambia hayo awapelekee wa mjini. Wajukuu hawatakuwa na picha nyingine ya bibi yao akifanya kazi, na uongo hautundikwi.

Alipoondoka, Chapa aligeuza ubao. Nyuma palikuwa na tundu mbili za skrubu na nafasi ya kutosha. Akachora kwenye karatasi nyepesi, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akafuatisha mistari kwa upande wa nyuma, kazi ambayo wanafunzi hufundishwa siku ya kwanza. Hakuona haya. Patasi haikuteleza hata mara moja.

Dada aliporudi hakutazama uso. Alitazama mkono, akafuata mundu hadi ncha yake, ndipo akapandisha macho. Chapa akaanza kuomba radhi kwa zile tundu, zilizotokea kama madoa mawili meupe angani.

"Nyamaza, kaka," alisema. "Nipe kitu cha kumfungia, nimpeleke nyumbani."

Ile ya kwanza ilinunuliwa mjini. Chini yake Chapa aliandika "Mwanamke na Mundu". Hakuandika kuwa ni mama yake, kwa kuwa hakuwa yeye.