Damu Niliyompa Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alijifungua nyumbani kwetu Olasiti alfajiri, na mpaka ng'ombe wanatolewa zizini damu ilikuwa haijakata. Mtoto alilia vizuri. Mama yake ndiye aliyenyamaza, midomo imekuwa rangi ya majivu. Wanaume wa ukoo wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mabegani hadi hospitali ya serikali mjini. Mimi nikafuata nyuma na kichanga kifuani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Wazungu na wodi yao, Waafrika na yetu. Daktari Mzungu alimwangalia wifi kwa muda mfupi, akazungumza na dresa, msaidizi wake, Mmeru mmoja wa Kikatiti mwenye kaptula nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Dresa akatoka barazani tulikokaa.

"Ndugu zangu, damu imemwishia mgonjwa wenu. Hakuna dawa ya kuirudisha isipokuwa damu ya mtu mwingine. Nani atatoa?"

Kaka alisimama papo hapo. Wakamchoma kidole, wakachanganya damu yake na ya mkewe kwenye kigae cheupe. Ikagandana vipande vipande.

"Haielewani na yake," dresa akasema. "Tukimpa hii tutamuua."

Kaka akageukia ukuta. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Wanaume wengine walikuwa watano. Mmoja akakumbuka ng'ombe aliowaacha malishoni. Mwingine akanong'ona kwamba hawa ndio mumiani wenyewe. Siku hizo kila mtu aliwaogopa mumiani, watu waliosemwa kwamba huwakamata wenzao na kuwanyonya damu wakatengenezee dawa. Mimi pia nilikuwa na hofu hiyo. Lakini kichanga kilikuwa kinatafuta ziwa kifuani kwangu, na kwangu hakikuwa na cha kupata.

"Nipimeni mimi," nikasema.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa mkubwa wetu pale, akanitazama kama niliyemtukana. "Wewe mwanamke, una damu kiasi gani hata uigawe?"

"Baba, tukimtoboa ng'ombe shingoni kwa mshale ili mzazi apate damu ya kunywa, ng'ombe anakufa?"

"Hafi."

"Anafanya nini?"

"Anarudi kula majani."

"Basi na mimi nitarudi."

Akasogea, akanipisha.

Dresa aliniuliza kama nina mimba, kama nanyonyesha, kama nimeugua homa karibuni. Yote nikakana. Akanichoma kidole, akainamia kile kigae, akanyanyua kichwa huku anatabasamu. "Inaelewana, mama."

Nikampa kaka kichanga, nikalazwa kitandani, mkono wa kushoto umenyooshwa. Akaufunga mpira juu ya kiwiko na kunipa bendeji iliyoviringishwa niishike kiganjani. "Ikamue, iachie, ikamue tena. Ukisikia kizunguzungu niambie, usione haya." Akanipaka spiriti, baridi kama maji ya mlimani. Sindano ilikuwa nene, sidanganyi, na ilipoingia niliuma meno. Kisha maumivu yakapoa, nikabaki nahisi joto la mrija uliolala juu ya ngozi yangu. Chupa ya kioo ilikuwa chini, pembeni mwa kitanda. Niliitazama ikijaa. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha, nikaona damu tu, nyekundu, nyingi kuliko nilivyodhani ninayo, na nikajikuta nakamua ile bendeji kwa nguvu zaidi.

Alipomaliza akanikunja mkono juu ya pamba. Nikataka kuinuka. "Lala kwanza," akaniamuru. "Wanaoanguka ni wale wanaojifanya mashujaa." Akaniletea chai yenye sukari nyingi, akanionya nisibebe kuni wala maji siku ile, na ninywe kila nitakachopewa.

Jua lilikuwa halijafika utosini waliponiruhusu kuingia wodini. Ile chupa yangu ilikuwa imetundikwa juu ya wifi, inadondoka tone kwa tone. Nilikaa pale nikiangalia midomo yake ikianza kupata rangi. Jioni akafumbua macho, akaomba uji, kisha akaomba mwanawe.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "wananiambia nimekunyonya."

"Umeninyonya kuliko huyo mwanao atakavyokunyonya."

Akacheka mpaka dresa akatukemea.

Nyumbani walisema nitakauka, sitazaa tena. Majirani walipita shambani kwangu bila shughuli yoyote, wananichungulia. Siku ya nne waliniona nimejitwika mkungu wa ndizi, nami nikapita katikati ya njia makusudi, polepole, ili kila mmoja anione vizuri. Mwaka uliofuata nilizaa msichana.

Alikuwa bado mgongoni wakati dresa aliponitumia salamu. Kuna mwanamke wa Kimeru, wa juu kule kwenye migomba na kahawa, amepasuliwa na damu yake ni kama yangu. Nilimwambia aliyeleta salamu kwamba bado nanyonyesha, angoje jibu. Nikaenda kwa mdogo wangu wa kike, tumbo moja na mimi, nikamweleza yote: sindano, joto, kizunguzungu, chai. Akajifunga kanga, tukaenda pamoja. Damu yake ikaelewana. Nilimshikia mkono mpaka chupa ikajaa, nikimfundisha namna ya kukamua bendeji, na dresa alipoleta chai alileta vikombe viwili.