Kiapo cha Kibo

Nilifika kileleni mwa Kibo. Naanza na hilo, maana ndilo nililonyang'anywa, na mpaka leo nikilikumbuka roho inanichafuka.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Tanga. Mzungu yule alikuwa na wazimu wa milima. Likizo ikafika, akanipandisha treni mpaka Moshi, yeye na Mzungu mwenzake, na mimi na masufuria yangu. Njiani alinisimulia habari za Wajerumani wa zamani: nani alishindwa, nani alirudishwa na baridi, nani alifika, na jinsi huko juu kulivyowekwa daftari ndani ya sanduku la bati, kila afikaye huandika jina lake. "Tukifika, na wewe utaandikwa," aliniambia. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Miaka sita mtu anakula chakula cha mkono wangu!

Siku ya kupanda kilele mwenzake alianza kutapika, kiongozi wetu Mchaga akamrudisha pangoni walikobaki wapagazi. Tukabaki wawili. Changarawe ile, ukipanda hatua mbili inakurudisha moja. Nilivaa soksi mikononi na fulana tatu kifuani, na bado meno yalikuwa yanagongana. Jua limeshapanda, tukafika. Meneja akanikumbatia, analia! Akanipa kamera, akanionyesha pa kubonyeza, nikampiga picha na fimbo yake. Kisha akaandika kwenye daftari. "Nimekuandika," alisema. Mimi nilijua kusoma herufi za Kiarabu tu. Nikasema alhamdulillahi.

Nyumbani Chumbageni wakanicheka. "Barafu juani? Na huko juu si ndiko karibu na jua? Mbona isiyeyuke?" Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, hakucheka. Alikasirika, hakutaka mwongo katika ukoo wake. "Kama ni kweli," akasema, "kaape." Nikatawadha, na baada ya sala ya Ijumaa nikaweka mkono juu ya msahafu mbele ya shehe na watu wote, nikaapa kwamba nimekanyaga kilele cha Kibo. Vicheko vikakoma. Kwetu mtu haapi hivi hivi.

Haukupita mwezi, karani mmoja wa bandarini akaja na gazeti la Kizungu. Picha yangu! Yaani ile niliyoipiga mimi. Karani akatafsiri: meneja kafika kileleni peke yake, mpishi na wapagazi walimngoja pangoni.

"Na picha kaipiga nani?" nikapiga kelele. Ami akajibu kwamba kamera za Wazungu husimama zenyewe kwa miguu yao.

Nilikwenda kwa meneja mbio. Nikamwambia, bwana, nimeapa kwa msahafu, niandikie barua, mistari miwili tu. Hata kuniangalia hakuniangalia. "Hayo ni mambo ya gazeti, achana nayo. Chai iko wapi?" Lo! Nilivua aproni, nikaitupa pale pale mezani, nikaondoka.

Dada yangu alipoolewa, walitakiwa mashahidi wawili wa ndoa. Ami alinipita nimekaa, akamwita jirani. Watu walisema nimekula yamini ya uongo, na yamini ya namna hiyo haiachi nyumba salama. Mama yangu akaanza kuugua, na mtaa mzima ukajua sababu. Yeye mwenyewe akaamini.

"Mwanangu, tubia," alinishika mkono. "Unaniua."

"Mama, wallahi nilifika."

"Usiape tena! Tubia."

Nikatawadha. Nikasimama msikitini pale pale, mbele ya watu wale wale, nikasema kwamba nilidanganya, sikufika kileleni. Ami akanikumbatia mbele ya kila mtu. Wiki ile mama akanyanyuka kitandani, akaomba uji.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mgeni akija, humsimulia kwa furaha jinsi mwanawe alivyoutubia uongo wa mlima, kisha hunigeukia: "Si kweli, mwanangu?" Nami humjibu, "Kweli, mama."