Mvua ya Mawe Iliyokoma kwenye Ua

Sisi wakulima wa chai huku Bureti tunaijua mvua ya mawe. Huja alasiri, hupita kama imechorewa njia, na ukisimama barabarani unaweza kuona shamba moja limechanwachanwa na la pili halijaguswa. Mwaka jana ilitoka upande wa msituni, ikapiga chai yetu yote, ikafika kwenye ua wa michongoma na kukoma. Upande wetu ulibaki vijiti. Ng'ambo ya ua, chai ya jirani ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta.

Jirani huyo ni mjane, rafiki wa mke wangu tangu siku zile wazazi wa huyo jirani walipotoka Mkoa wa Kati wakafungua duka Roret. Wanapendana sana. Wanachobishania ni mursik tu, maziwa yetu ya kugandishwa. Mke wangu huamini kwamba maziwa yasiyolazwa kwenye kibuyu chenye mkaa si maziwa. Jirani huamini kwamba mkaa ni wa jikoni.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, jirani alisimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mungu ananipenda, ndugu zangu. Mawe yalikuja yakafika kwa ua wangu, akayaambia, hapa hamtapita!"

Kanisa lilipiga makofi. Mke wangu, kiongozi wa kina mama na ndiye huanzisha nyimbo, akainuka.

"Nami nauliza tu," alisema. "Alipokuwa anayaambia hapa hamtapita, yalikuwa yamesimama wapi?"

Watu wengine walicheka, wengine wakaangalia viatu. Mke wangu alichukua leso yake, akatoka nje, na jioni akaniambia kwamba hatarudi mpaka mtu amjibu. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Jumapili ya pili nilikaa peke yangu kwenye benchi letu, na wimbo ulianzishwa na mweka hazina. Ulitufia kwenye ubeti wa kwanza.

Kanisa likatuma wajumbe: mchungaji, mweka hazina, na mwinjilisti kijana aliyetoka chuoni majuzi. Mke wangu aliwakaribisha vizuri. Alileta kibuyu, akakitikisa, akawamiminia.

Mwinjilisti ndiye aliyeanza, akimwita bibi kwa lugha yetu. "Kogo, huu ni mtihani wa imani."

"Na jirani yangu yeye hasomi?"

Kijana alikunywa. Mweka hazina akasafisha koo, akanitazama kando. "Wakati mwingine, mama, huwa kuna dhambi iliyofichika ndani ya nyumba."

"Kama ni ya huyu mzee, si mawe yangeanguka kwa kofia yake? Chai yangu imekosa nini?"

Mimi nilivua kofia. Mchungaji, mtu mpole, akasema kwamba baadaye tutaelewa yote.

"Mchungaji, mimi ni mzee. Hiyo baadaye unayosema, nitakuwepo?"

Walikaa mpaka kibuyu kikaisha. Mlangoni wakasema watarudi Alhamisi kuendelea na mazungumzo.

"Wanarudi kwa ajili ya swali ama kwa ajili ya mursik?" mke wangu aliniuliza.

Mimi nilikuwa najiandaa. Nilisomea uinjilisti ujanani, na darasa la ubatizo nimelifundisha miaka mingi. Baada ya chakula nikamsimulia habari za yule mtu wa Maandiko aliyepoteza ng'ombe, ngamia na watoto, akakaa jivuni akijikuna majipu. Nilieleza polepole, nikafika pale anaporudishiwa kila kitu maradufu.

"Wale watoto wa kwanza," mke wangu alisema, "walirudi?"

Niliamka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mzima kabisa. Nilikaa naye kwa muda, nikaomba. Sikuomba jibu. Niliomba mke wangu arudi kwenye benchi, maana kumwabudu Mungu bila huyu mama ubavuni kulikuwa kunanishinda.

Jumatano mvua ya mawe ilirudi. Safari hii ilitupita sisi, ambao hatukuwa na la kupoteza, ikashuka yote kwa jirani. Tulisikia mabati yake yakilia. Ilipotulia, mke wangu alisimama mlangoni akitazama ng'ambo ya ua, nami nikamwangalia yeye. Nakiri niliogopa atakalosema.

Aligeuka akaingia ndani. Alichukua kibuyu kipya, kile alichowawekea wajumbe, akapenya kwenye tundu la ua. Nikamfuata.

Jirani alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mawe meupe yamejaa miguuni pake.

"Usinieleze kitu," alisema.

"Nimekuja kukaa tu."

Mke wangu alivuta kigoda, akamimina. Jirani aliipokea mursik, akainywa yote bila kufumba macho. Hapo ndipo nilipojua mvua imempiga kweli.

"Ni mbaya kama siku zote," alisema.

"Najua. Ongeza."

Akaongeza. Kisha akaanza kulia, na mke wangu naye akalia, na mimi nikatafuta kitu cha kufagia. Nilifagia mawe mpaka yakaisha.

"Sasa Jumapili nitasimama niseme nini?" jirani aliuliza.

"Utasimama kwanza. Mimi nitakuwa nimekaa hapo kando yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili benchi letu lilikuwa na watu watatu. Jirani aliinuka.

"Bwana asifiwe. Mawe yamenipiga pia. Mungu bado ni wangu, sijamwacha. Lakini na mimi nina swali."

"Panga foleni," mke wangu akamwambia, "mimi nilikuwa wa kwanza."

Kanisa zima lilicheka, mchungaji akicheka zaidi. Alipopata pumzi alitangaza kwamba Alhamisi wajumbe watamtembelea dada yetu ili kumfariji.

"Karibuni sana," alisema jirani. "Lakini kwangu ni chai ya rangi tu."

Mweka hazina alikumbuka kwamba Alhamisi atakuwa Kericho. Kabla hajamaliza kueleza safari yenyewe, mke wangu alianzisha wimbo, juu mno kama kawaida yake. Nilimfuata huku koo likiniuma, nikamshukuru Mungu kwa maumivu hayo.