Gurudumu Kutoka Kintinku

Harufu ya ngozi mbichi ikinifikia hata leo, moyo huniuma. Nyumbani kwetu Sepuka, enzi za Mwingereza, harufu hiyo ndiyo iliyotulisha. Baba alinunua ngozi vijijini, akaziwamba kivulini hadi zikauke, kisha akazipeleka Singida mjini kwa lori lake kuukuu. Alikuwa mkali, nyie! Mtu akimletea ngozi mbichi, hakuipima wala kuilipia hadi ikauke. "Ngozi mbichi inadanganya," alisema. "Leo pana, kesho imesinyaa."

Lori lenyewe, vipuri vyake havikuuzwa tena. Breki zilishika kwa vipande vya ngozi ya shingo ya fahali alivyovipigilia baba mwenyewe, na kila mteremko tulishuka tukimwomba Mungu. Kiangazi kile rimu ya mbele ikapasuka kwenye mawe ya korongoni, lori likaegeshwa uani juu ya magogo. Wakati huo mama alikuwa mjamzito, miguu imemvimba, na mkunga alishasema wazi kwamba huyu ni wa kuzalia hospitali ya mjini.

Baba akahangaika. Kila rimu aliyoipata, matundu yake hayakulingana na bolti za lori letu. Akasikia kwamba Kintinku, kwenye reli, kuna fundi mwenye lundo la magurudumu ya zamani. Waswaga ng'ombe walikuwa wanaondoka kwenda huko asubuhi hiyohiyo, kwa miguu, na nani angekubali kubeba chuma kizito cha kupimia? Kwa haraka baba akachukua ngozi ya mbuzi aliyechinjiwa mama alfajiri, akaitandaza juu ya rimu, akatoboa kila tundu mahali pake. Mswagaji mmoja akaifunga kwenye fimbo, akaondoka nayo juani.

Bibi, mama yake baba, hakupendezwa. "Mwanangu, mlaze mkeo kitandani, vijana wambebe hadi mjini. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Mama, mke wa mwenye lori abebwe kama mtu asiye na kitu?"

Basi tukangoja. Mama alikaa mlangoni akinisuka nywele, macho njiani, akijifanya haumwi.

Gurudumu likaja juu ya punda siku uchungu ulipoanza. Tulipiga vigelegele! Baba akalipachika. Bolti moja ikaingia, nyingine zikagonga chuma. Akaligeuza, akajaribu tena, wapi! Akaomba ile ngozi, iliyorudishwa pamoja nalo. Juu ya gurudumu jipya, matundu yalilingana sawasawa. Juu ya rimu yetu iliyopasuka, hayakulingana. Ngozi ilikuwa imesinyaa njiani. Mganga hajigangi, jamani. Baba, mnunuzi wa ngozi, alikaa vumbini akalia kwa sauti.

Jioni hiyo ndipo vijana walipombeba mama juu ya kitanda kuelekea mjini. Hakufika mjini, yeye wala mtoto.

Siku hizi mjukuu wangu analifufua gari la zamani, kwa kupenda tu. Juzi alipiga picha ya gurudumu kwa simu, akaituma Dar es Salaam, na haikupita wiki lenzake likashushwa kwenye basi. Akalipachika mbele yangu, bolti zote zikaingia. Machozi yakanishinda.

"Bibi, unalia nini? Si limeingia?"

"Limeingia, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ndiyo maana nalia."