Mtihani wa vitendo Kilosa: mgonjwa wa maigizo aliponiambia jambo ambalo hakufundishwa

Wakuu, habari za humu. Wachache mnaonizidi umri, shikamooni. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Juzi nimesoma uzi wa vijana wa udaktari wakilalamikia sheria za OSCE, ule mtihani wa vyumba na kengele. Mmoja kaandika kwamba anaogopa kengele kuliko mgonjwa. Nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima.

Haya ninayoeleza yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa. Mimi mzaliwa wa Mvumi. Kijiji kilinipendekeza nikasomee uganga msaidizi wa vijijini, waliokuwa wakiitwa RMA. Mwenyekiti aliandika barua, mkutano mzima ukapiga makofi.

Sasa fikiria unafeli. Unarudi kwa watu wale wale waliopiga makofi.

Chuo kilikuwa Kilosa, jina naliacha. Mwaka wetu mwalimu mkuu wa vitendo, nimwite Mwalimu Sadiki, alileta utaratibu mpya. Badala ya kutahiniwa kwa wagonjwa wa wodini, ambao mmoja ana homa ya siku mbili na mwingine ana mambo saba, kila mtahiniwa angekutana na wagonjwa wale wale wa kuigiza. Wanakijiji wakafundishwa cha kusema.

Darasa liligawanywa vyumba kwa mashuka ya wodini. Dakika kumi kila chumba, kengele ikilia unahama.

Sheria tulisomewa jana yake tukiwa tumesimama. Usiongee na mtahini, yeye ameketi kona anaandika tu. Usimshike mgonjwa kama karatasi ya mlangoni haijasema umshike. Ukishatoka chumba usirudi. Usimwambie mwenzako ulichokikuta. Anayevunja anaondolewa, na hakuna rufaa.

Mwalimu Sadiki alirudia hiyo ya mwisho mara mbili, akinitazama mimi. Au niliona hivyo kwa woga.

Asubuhi ya mtihani uji haukushuka.

Chumba changu cha kwanza, karatasi ilisema: mama mjamzito, miezi minane, analalamika mgongo. Chukua historia na umpe ushauri. Usipime.

Nikaingia. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye mimba ya kweli, Mama Mwanaidi, aliyekuja na treni kutoka Kidete pamoja na wenzake. Nikamwamkia, nikavuta kiti, nikaanza maswali yangu kama nilivyokariri.

Alijibu vizuri. Mgongo unauma. Nabeba maji. Nalima shamba la kijiji. Mtahini kule kona akawa anaweka alama zake za vema, nikaanza kupumua.

Nikamuuliza swali la mwisho, lile tulilofundishwa kumuuliza kila mtu. "Kuna lingine linalokusumbua, mama?"

Akamtazama mtahini, kisha akanisogelea na kushusha sauti.

"Mwanangu, kichwa kinaniuma kweli tangu juzi. Lakini hilo sikuambiwa niseme."

Nikamuuliza, "Na macho je?" Akasema, "Naona kama ukungu." Nikatazama miguu yake. Kandambili zilikuwa zimezama kwenye nyama, na pete ya kidoleni ilimbana.

Wakuu, nilijua. Tulikuwa tumefundishwa hayo wiki chache kabla: mjamzito, kichwa, macho, kuvimba, pima presha upesi, kifafa cha mimba hakiko mbali.

Lakini karatasi ilisema usipime. Na nikajiambia, huenda huu ndio mtego wenyewe. Huenda kafundishwa kusema hajafundishwa.

Kengele ikalia. Nikatoka.

Hapo ndipo nilipokosea.

Chumba cha pili nilimfunga kidonda mzee mmoja asiyekuwa na kidonda. Sikumbuki nilichofanya. Nilikuwa namwona yule mama ameketi na mwenzangu, akiulizwa tena habari za mgongo. Mzee wangu alinong'ona, "Binti, umefunga mguu siyo." Kengele ikalia.

Chumba cha tatu kilikuwa cha kupima presha. Mashine ipo mezani, kijana mzima wa afya ameketi na mkono tayari.

Nilisimama mbele yake. Nikahesabu walioshaingia kwa yule mama baada yangu: wawili, na wa pili alikuwa humo wakati ule. Hakuna aliyetoka kusema kitu. Nikajiuliza, hawajaona, au wanaogopa kama mimi?

Nikachukua mashine, nikaikumbatia kifuani, nikatoka.

Mtahini wa chumba hicho akasema nyuma yangu, "Ndugu mtahiniwa, rudi." Sikurudi.

Nilifunua shuka la chumba cha kwanza. Aliyekuwa ndani ni Lukasi, rafiki yangu wa darasani. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Mama Mwanaidi alikuwa ameinamisha kichwa mezani.

"Samahani Lukasi," nikasema, nikamfunga mama kitambaa mkononi. Nikapima mara mbili kwa kutojiamini.

Mia moja themanini kwa mia moja ishirini.

Mtahini akasimama. Alikuwa mgeni, ametoka mkoani. "Umejiondoa kwenye mtihani. Na mwenzako umemharibia."

Nikamwambia, "Sawa mzee. Lakini huyu haigizi."

Akaitwa Mwalimu Sadiki. Aliketi akapima mwenyewe, akamtazama mama macho, akabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akainuka na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni landrova."

Mtihani ukasimama. Mama Mwanaidi alipelekwa hospitali akiwa amelazwa ubavu, na Mwalimu akaenda naye. Alishikwa na degedege akiwa tayari kitandani, dawa ziko tayari. Alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mzima. Mama naye akapona.

Mimi nilikaa nje ya darasa hadi jioni. Hakuna aliyenipongeza. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia baba.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki moja: sifuri kwa vyumba viwili, nirudie mtihani mzima baada ya miezi mitatu. Lukasi akapewa nafasi ya kurudia chumba chake, namshukuru Mungu kwa hilo. Mwalimu Sadiki aliniita ofisini akasema, "Sheria haikuwa na mlango wa kutokea. Kosa hilo ni langu, nimeliandika. Sifuri ni yako."

Siku ya marudio, wagonjwa wote wa maigizo walipimwa asubuhi kabla ya kuanza. Na tulipewa sentensi moja tunayoruhusiwa kumwambia mtahini: naomba tusimame, huyu anaumwa kweli.

Nilifaulu. Nikapangiwa zahanati moja upande wa Mikumi, nikafanya kazi huko hadi nilipostaafu.

Vijana, sheria za mtihani ziheshimuni. Zinawalinda msipendelewe wala kuonewa. Ila aliyekaa mbele yenu ni mtu kwanza, maneno aliyofundishwa yanafuata baadaye.

Watu wakisikia kisa hiki husema nilikuwa jasiri. Mimi sifuri haijawahi kuniuma. Kinachoniuma ni kwamba nilijua tangu chumba cha kwanza, na nikamwacha pale zaidi ya dakika kumi kwa kuogopa kurudi nyumbani nimefeli. Angeweza kuanguka ndani ya dakika hizo. Hakuanguka, lakini hilo sikulifanya mimi.

Karibuni mseme yenu, hasa mliopo vyuoni sasa. Na mnijibu bila kunipamba: nyie mngeinuka kengele ya ngapi?